Ajali Hospitalini Ina Kinga

"Ajali haina kinga" ni msemo unaosikika mara nyingi katika korido za hospitali. Mgonjwa akiteleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, au mgeni aliyekuja kumjulia hali nduguye akikosea ngazi kwa sababu taa imeungua tangu wiki iliyopita, msemo huo hutolewa kwa upole pamoja na pole, na mjadala hufungwa. Aliyeanguka hupelekwa kupigwa picha ya eksirei, maji hukauka, na taa husubiri siku itakayopatikana balbu. Mara nyingi hakuna kinachoandikwa.

Msemo huo una faraja, lakini unapotumiwa kuhusu jengo la hospitali hauelezi ukweli wa kitabibu wala wa kisheria. Mtu akianguka hospitalini, swali la kwanza linapaswa kuwa taasisi ilifanya nini kabla hajaanguka. Swali hilo ndilo mahakama huuliza. Hospitali inayozoea kulijibu kwa maandishi, bila kuficha, huwalinda wagonjwa wake, na huwalinda pia watumishi ambao wasipoangaliwa hubebeshwa lawama isiyo yao.

Ukubwa wa jambo hili hauhitaji kutiwa chumvi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwa majeraha yasiyokusudiwa, kuanguka ni chanzo cha pili cha vifo baada ya ajali za barabarani. Kwa mzee, mfupa wa nyonga uliovunjika huweza kuwa mwanzo wa kulala kitandani kwa muda mrefu, vidonda vya mgandamizo, nimonia, na damu kuganda katika mishipa ya miguu. Aliyefika kliniki kupima shinikizo la damu kwa miguu yake mwenyewe huweza asitembee tena peke yake.

Hospitali pia haifanani na soko wala stendi ya mabasi. Wanaopita ndani yake ni mama mjamzito asiyeona vizuri anapokanyaga, mgonjwa aliyeamka kutoka kwenye dawa ya usingizi, mzee anayepata kizunguzungu kwa sababu ya vidonge vya presha, na kijana anayejifunza kutembea kwa magongo. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba angeangalia njia yake ni kusahau kilichomleta. Udhaifu wake ndio sababu ya jengo hilo kujengwa, na mwenye jengo anaujua tangu mwanzo.

Sheria ililitambua jambo la msingi hapa zamani. Mwaka 1866, katika kesi ya Indermaur dhidi ya Dames, mahakama ya Uingereza ilisikiliza shauri la fundi wa gesi aliyekwenda kufanya kazi katika kiwanda cha sukari, akatumbukia katika tundu la sakafu lisilozungushiwa kizuizi. Mahakama iliweka kanuni kwamba mtu aingiaye katika jengo kwa shughuli inayomhusu pia mwenye jengo, naye mwenyewe akiwa mwangalifu, ana haki ya kutarajia kwamba mwenye jengo atachukua hadhari ya kutosha kumkinga na hatari isiyo ya kawaida ambayo anaijua au alipaswa kuijua. "Mwenye jengo" kwa maana hiyo ni yule aliye na mamlaka juu ya jengo na matumizi yake, hata kama hati ya kiwanja ina jina la mtu mwingine.

Kanuni hiyo ina uhusiano na Afrika Mashariki hadi leo. Kenya ina sheria mahususi ya dhima ya wenye majengo, Sura ya 34, inayowataka kuwa na hadhari ya kutosha kwa kila mgeni wao. Tanzania Bara, msingi mkuu wa dhima hii ni kanuni za mahakama za Uingereza zilizopokelewa kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Maamuzi ya Kiingereza yaliyotolewa baada ya tarehe hiyo hayawafungi majaji wa Tanzania, lakini huweza kutumiwa kama mwongozo wa kushawishi.

Maamuzi mawili kati ya hayo yanaihusu sana hospitali. La kwanza ni la mwaka 1976, dhidi ya maduka ya Tesco. Mwanamke mmoja aliteleza kwenye mtindi uliomwagika sakafuni katika duka mjini Liverpool. Yeye hakuweza kujua mtindi ulikuwa umekaa pale kwa muda gani, na hakuna mteja ambaye angeweza kulijua hilo. Majaji wengi katika Mahakama ya Rufani waliona kwamba ni duka lililopaswa kueleza utaratibu wake wa kusafisha na kuonesha kwamba siku ile ulifuatwa. Maelezo ya duka hayakutosha, likashindwa. La pili ni la miaka ya 1940, linalomhusu mwanafunzi aliyeteleza kwenye ngazi ya shule iliyofagiliwa theluji lakini ikaachwa na barafu. Wadaiwa hawakuweza kujiondoa kwa kusema kwamba kazi ile aliachiwa mtu wa usafi, maana kusafisha ngazi si kazi ya kitaalamu ambayo mwenye jengo hawezi kuisimamia.

Mafunzo yake kwa hospitali ni dhahiri. Mosi, kauli kwamba "sakafu husafishwa kila siku" haitoshi. Kinachotakiwa ni daftari linaloonesha nani alipiga deki, saa ngapi, na kama kibao cha tahadhari kiliwekwa. Pili, mkataba na kampuni ya usafi hauiondolei hospitali wajibu wa kukagua. Korido inabaki kuwa ya hospitali hata ikiwa aliyeshika ufagio amevaa sare ya kampuni nyingine.

Hata hivyo, si kila kuanguka ni uzembe, na si kila uzembe ni jinai. Mkanganyiko kati ya mambo haya umewaumiza watu wengi, hasa watumishi wa ngazi za chini. Ndugu wenye uchungu hukimbilia polisi wakimtaja muuguzi wa zamu, na taasisi nayo, ikitafuta utulivu wa haraka, humwachisha kazi mfanyakazi wa usafi. Ngazi isiyo na kishikio hubaki vilevile, ikimsubiri mwingine.

Kesi ya madai hukusudia fidia. Mdai huthibitisha madai yake kwa mizani ya uwezekano, yaani kwamba dai lake lina uzito zaidi kuliko kinyume chake, na mwajiri huwajibika kwa uzembe wa mtumishi wake uliofanyika kazini. Kesi ya jinai hukusudia adhabu, na Jamhuri hupaswa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya maana. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua kwamba uzembe mkubwa uliosababisha kifo huweza kuwa kosa la kuua bila kukusudia. Lakini tangu kesi ya daktari mmoja wa London mwaka 1925, ambaye hukumu ya kumtia hatiani ilifutwa na mahakama ya rufani, mahakama zinazofuata mfumo huo zimekuwa zikisisitiza kwamba uzembe wa jinai lazima uvuke suala la fidia kati ya watu wawili na ufikie kiwango cha kutojali uhai wa wengine. Muuguzi mmoja aliyeachiwa wodi iliyojaa usiku kucha, asimwone mgonjwa akishuka kitandani, kwa kawaida yuko mbali na kiwango hicho. Msimamizi aliyeandikiwa mara kwa mara kwamba kizuizi cha ghorofa kimeoza, akakaa kimya hadi mtu akaanguka na kufa, ana maswali mazito zaidi ya kujibu.

Ipo njia ya tatu, ya nidhamu ya taaluma, mbele ya vyombo kama Baraza la Madaktari Tanganyika na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Ipo na ya nne, ambayo watumishi wengi wa afya huisahau wao wenyewe: muuguzi anayeteleza kwenye korido ileile akiwa kazini anaweza kudai mafao katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, chini ya sheria ya mwaka 2008, bila kulazimika kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Sakafu iliyolowa haibagui sare, na mtumishi anayedhani usalama wa jengo ni hoja ya wagonjwa pekee anajipunja.

Wapo watakaosema kwamba hospitali za umma ni maskini, na kwamba kila shilingi ya fidia ni shilingi inayotolewa katika fungu la dawa. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini sheria haidai jengo lisilo na dosari. Inadai hadhari ya kutosha, na katika kupima utoshelevu huo mahakama huangalia ukubwa wa hatari pamoja na gharama na ugumu wa kuizuia. Kibao cha tahadhari, balbu, kishikio cha ngazi, kamba ya kuzuia njia wakati wa deki, na utaratibu wa kupiga deki nusu ya korido ili nusu nyingine ibaki kavu, ni gharama ndogo zikilinganishwa na upasuaji mmoja wa nyonga. Umaskini unaweza kueleza kwa nini lifti haijanunuliwa. Hauwezi kueleza kwa nini ndoo ya maji iliachwa gizani mlangoni mwa wodi ya wazee.

Mgonjwa naye ana wajibu. Anayeruka kamba ya tahadhari kwa haraka ya kufika dirisha la dawa huweza kupunguziwa fidia kwa kiwango cha uzembe wake mwenyewe. Na haki haisubiri milele. Tanzania Bara, madai ya madhara ya namna hii hufunguliwa ndani ya miaka 3, na anayetaka kuishtaki Serikali hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku zisizopungua 90. Kenya, dai dhidi ya Serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12. Aliyefariki huacha nyuma wategemezi, ambao sheria ya ajali za vifo, Sura ya 310, inawapa nafasi ya kudai. Familia nyingi hupoteza haki hizi kwa sababu ya kungoja majibu ambayo ofisi haikuwahi kuyaandika.

Kuandika, basi, ndiyo hatua ya kwanza, na inapaswa kufanywa saa ileile. Muuguzi wa zamu aandike saa, mahali, hali ya sakafu na ya taa, viatu vya aliyeanguka, dawa alizokuwa amepewa, na majina ya walioona. Aandike alichokiona, si anachokidhani, wala neno "uzembe" asiliandike, kwa maana hiyo ni hukumu na si ushahidi. Nakala ifike kwa msimamizi wa jengo kabla zamu haijabadilika. Ndugu waelezwe ukweli. Wengi huogopa kwamba kusema ukweli ni kujitia kitanzi, ilhali uzembe hupimwa kwa yaliyofanyika kabla ya ajali, na maelezo ya kweli hayawezi kuzaa kosa ambalo halikuwepo. Kurasa zilizochanwa na daftari lililopotea, kwa upande mwingine, humfanya jaji amshuku hata asiye na hatia.

Uongozi wa hospitali nao una la kufanya ambalo mtumishi wa wodi hawezi kulifanya kwa niaba yake. Usome taarifa hizo kila mwezi, uzipange kwa mahali na saa, na uoneshe marekebisho yaliyofuata. Kuanguka mara tatu mbele ya choo kilekile hakuwezi tena kuitwa bahati mbaya, kwani baada ya tukio la kwanza hatari ilikwisha kujulikana, na kujua ndiko kunakozaa wajibu. Mfanyakazi wa usafi asiadhibiwe kabla haijaulizwa kama alipewa kibao, mwanga na muda wa kufanya kazi yake.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliyeanguka, muuguzi aliyeandika taarifa na mfanyakazi wa usafi aliyeitwa kutoa ushahidi wanaweza wote kufuata shauri lao neno kwa neno. Daftari la matukio nalo liandikwe kwa lugha hiyohiyo, na likae mahali ambapo muuguzi wa usiku atalifikia bila kutafuta ufunguo.