Bosi wa Marekani Anakuitisha I-9 na Uko Kayole? Kaa Rada, Hiyo Fomu Si Yako

Tuseme leo usiku meseji inaingia Telegram. Kampuni ya Marekani inatafuta msee wa kuingiza data, malipo ni dola, unachapa wera ukiwa kwa keja. Intavyu inaisha kwa chati, dakika kumi hivi. Halafu unatumiwa Fomu I-9 na unaambiwa ujaze, utume paspoti na selfi, kisha uingie simu ya video wahakikishe ni wewe. Inakaa ya ukweli kabisa. Kabla utume kitu, skia hii stori, juu hapa ndio wasee huoshwa.

I-9 yenyewe si feki. Ilitokana na sheria ya Marekani ya 1986, na kila mwajiri lazima aijaze kwa kila mtu anamwandika kazi ndani ya Marekani, hata kama huyo mtu amezaliwa Texas na hajawahi toka huko. Inauliza vitu mbili tu: ni wewe kweli, na una ruhusa ya kufanya kazi hapa?

Zamani ilikuwa lazima bosi, ama mtu amemtuma, aone karatasi zako uso kwa uso ndani ya siku 3 za kazi baada ya kuanza. Korona ikakuja, maofisi zikafungwa, na Machi 2020 serikali yao ikalegeza kamba. Hiyo huruma iliisha 31 Julai 2023. Kesho yake, 1 Agosti, njia mpya ikaanza: kampuni iliyojisajili kwa E-Verify, ule mfumo wa kulinganisha jina lako na rekodi za serikali, inaweza kukuhakiki ukiwa mbali. Unatuma picha za karatasi mbele na nyuma, wanaziangalia, halafu mnaingia simu ya video na unaonyesha karatasi zile zile. Kopi zinabaki kwao.

Sasa rudi kwa yale maneno, "ndani ya Marekani". Msee anachapa kazi akiwa Kayole ama Kisauni hajazi I-9. Kampuni genuine ikikuchukua kama kontrakta ukiwa huku, fomu ya kawaida ni ya ushuru, inaitwa W-8BEN, na hiyo inasema wewe si mtu wa Marekani. Unaona venye hizi fomu zinavutana? Moja inasema uko ndani, ingine inasema uko nje.

Na I-9 unaisaini chini ya kiapo. Ukiweka tiki kwa "raia wa Marekani" na wewe ni wa Murang'a, sheria yao ya uhamiaji inaweza kukufungia milango ya kuingia huko maisha yako yote. Yaani ile ndoto ya majuu unaiua na tiki moja, kwa job ya wiki mbili.

Najua kitu inasukuma watu huko. Machi 2024 Remotasks ilifungia Wakenya, na wasee walikuwa wanalipa rent na hiyo kitu. Kazi ikienda, akaunti za kukodisha zinaanza kukaa poa: jina la mtu wa Ohio, VPN, na wewe ndio unachapa. Siwezi kukutusi kwa kutafuta doh. Lakini cheki venye upepo umegeuka. Julai 2025, Christina Chapman, mama wa Arizona, alihukumiwa miezi 102 jela. Aliweka malapi za makampuni kwa nyumba yake ndio wafanyakazi wa IT wa Korea Kaskazini wakae ni kama wako Marekani. Majina 68 ya watu yaliibwa, makampuni 309 ya Marekani yakaingizwa box, na pesa ilipita dola milioni 17. Kamera inaona sura na karatasi. Haioni nani atakuwa kwa kibodi Jumatatu. Ndio maana kampuni zimeanza kushuku kila mtu, na anayekodisha jina lake na anayelikodi, wote wanaweza kuchomeka.

Kama ni beshte ama sista yako ako huko na karatasi zake ziko sawa, hiyo ni stori ingine, na ako na haki kadhaa. Yeye ndiye anachagua karatasi za kuonyesha kutoka kwa orodha iliyo kwa fomu. Bosi hawezi kusema "mimi nataka green card tu". Kama hataki kutuma picha mtandaoni, anaweza kuomba zikaguliwe uso kwa uso. Na kampuni haiwezi kuamua kamera ni ya wenye aksenti pekee.

Mwambie pia acheki tarehe ya kibali chake cha kazi. Kabla, wengi wakiomba upya mapema walikuwa wanaongezewa hadi siku 540 bila kuuliza. Kwa maombi mengi yaliyotumwa kuanzia 30 Oktoba 2025, hiyo nyongeza haipo tena. Kibali kikiisha kabla kipya kifike, bosi lazima amsimamishe, hata kama anampenda aje. Maombi yanaweza kutumwa siku 180 kabla, na afadhali aingie siku ya kwanza.