Komposti Haiombi Sukari



Katika mashamba fulani kuko mazoea ya kumwanga maji ya sukari ao molasi juu ya lundo la komposti, kusudi mabua ya mahindi yaoze mbiyo. Sisi maagronomu tunasema waziwazi: muache hiyo. Inakula feza ya jamaa, na mabua hayaozi upesi zaidi.

Mabua ya mahindi na makapi ya miwa yana selulozi nyingi. Selulozi nayo imejengwa na sukari, ila imefungwa katika mnyororo mrefu na mgumu. Kuvu haiko na meno. Inatema enzimu inje ya mwili wake, kama mate. Enzimu zinakata mnyororo vipande vidogo, kisha kuvu inavifyonza.

Kutengeneza enzimu kunaomba nguvu nyingi, njo maana kuvu haizitoi ovyo. Kwanza inatema kidogo tu, ya kupima. Vipande vinavyokatika vinaipa habari kwamba chakula kiko, nayo inaongeza. Lakini glukozi ikijaa pembeni yake, inafunga kazi. Nani atavunja karanga ngumu wakati sahani ya bugali iko mbele yake? Na sukari ya dukani ikipasuliwa, nusu yake ni glukozi.

Jambo hili limechunguzwa sana kwa kuvu iitwayo Trichoderma reesei, iliyopatikana Visiwa vya Solomon wakati wa vita ya pili ya dunia, pale vitambaa vya jeshi la Marekani vilipokuwa vinaoza. Ndani yake kuna proteini, CRE1, inayozuia enzimu za selulozi wakati glukozi iko. Bakteria nao wana tabia ya namna hiyo: katika miaka ya 1940, Mfaransa Jacques Monod alionyesha kwamba wakipewa glukozi pamoja na sukari ya maziwa, wanamaliza glukozi kwanza.

Wengine watatujibu: «Lakini tukitia sukari, lundo linapata moto haraka.» Ni kweli. Moto huo ni wa bakteria wanaokula sukari. Mabua yangali mazima. Wanazaana upesi, wanamaliza hewa na kushika azoti ya lundo. Sukari ikiisha, kuvu inarudilia mabua, na feza yenu imekwisha kwenda.

Mabua makavu yanakosa azoti. Lundo zuri linataka kaboni sehemu 25 mpaka 30 kwa azoti sehemu 1. Mukate mabua vipande vifupi, muyapange tabaka kwa tabaka na mavi ya mbuzi ao ya ng'ombe, na majani mabichi ya maharagi ao ya titonia. Mumwangie maji mpaka ukikamua konzi moja, litoke tone moja ao mawili tu. Mulipindue kila wiki mbili ili hewa iingie.

Hatusemi juu ya bokashi: ile inachachushwa, na sukari iko na kazi yake pale.

Kama kungali mashaka, koperative itengeneze malundo mawili ya mabua na mavi sawasawa, moja litiwe sukari, lingine hapana. Kisha muhesabu feza na mabua yaliyobaki. Sukari ya nyumbani ibaki kwa chai na uji wa watoto.