Ajali Haina Kinga, Kichwa Kinayo

Aliyepata kupita Shinyanga au Tabora asubuhi anaijua kazi ya baiskeli. Hubeba magunia ya mkaa, madumu ya maziwa, matenga ya nyanya, abiria na watoto wa shule. Tazama mzigo unavyofungwa: mipira huvutwa ikakazwa, kisha mwenyewe huutikisa aone kama unacheza. Akisharidhika, hupanda akaingia barabara kuu, mabasi na malori yakimpita ubavuni, na kichwa chake kiko wazi.

Ukimuuliza, atakujibu kuwa ajali haina kinga. Ni kweli; hata mwangalifu hana mamlaka juu ya lori lililokatika breki. Lakini methali imesema ajali, haikusema kichwa. Mkono uliovunjika hufungwa plasta ukaunga. Ubongo ukiumia, mtu aweza kunusurika roho akapoteza usemi, kumbukumbu au nguvu za upande mmoja, na nyumba iliyokuwa ikila kwa jasho lake ikabaki kumuuguza.

Kofia ngumu ya baiskeli haina uchawi. Ndani ya gamba lake mna povu gumu, jepesi. Kichwa kinapogonga lami, povu hilo hubonyea, na kishindo hupungua kabla ya kuufikia ubongo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Australia walichambua tafiti 40 zilizohusu majeruhi wa baiskeli zaidi ya 64,000. Walikuta kwamba kwa aliyevaa kofia, uwezekano wa kuumia vibaya kichwani hupungua kwa takriban asilimia 69.

Wapo wanaojitetea kwa uzoefu. Wazoefu kuliko wote ni wanaoshindana kwa kulipwa, nao wamelazimika kuvaa kofia tangu mwaka 2003, baada ya Andrey Kivilev wa Kazakhstan kuanguka katika mashindano ya Paris–Nice na kufariki. Wapo wasemao wanafika hapo dukani tu. Shimo la barabarani haliulizi uendako.

Hoja ya bei ina uzito, maana kipato cha wengi ni kidogo. Ndiyo sababu jambo hili lisiachiwe mtu mmoja. Vikundi vya akiba vinavyokopesha wanachama baiskeli vihesabu na kofia humo humo. Wenye maduka ya vipuri waziweke kofia rafuni pamoja na minyororo na tairi. Na serikali ipunguze kodi ya kifaa hiki, kwani inaokoa nguvu kazi yake yenyewe.

Ukiipata, ivae sawasawa. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya masikio, na kidevuni kipite kidole kimoja au viwili tu. Ukiisukuma kisogoni, paji la uso hubaki wazi. Usipoifunga, itatangulia kuanguka. Iliyokwisha kugonga chini kwa nguvu ibadilishwe hata kama huoni ufa, kwa kuwa povu lililobonyea halina kazi tena. Wala kuvaa kofia kusikufanye uache kukagua breki, au utembee usiku bila taa.

Wazazi, msimkabidhi mtoto baiskeli bila kofia. Walimu, kagueni vichwa vya wanafunzi langoni kama mnavyokagua sare. Nanyi mnaoitafutia familia riziki kwa baiskeli, vaeni kofia kila safari, maana wapo wanaowategemea mrudi mkiwa wazima.