Nyumba za Rehani Zilizotelekezwa: Wajibu wa Kuzitunza ni wa Nani

Nyumba iliyowekwa rehani ina watu wawili wenye haki juu yake: mwenye nyumba, ambaye jina lake limo kwenye hati, na mkopeshaji, ambaye anaweza kuitwaa na kuiuza deni lisipolipwa. Maadamu mwenye nyumba anaishi humo na anaendelea kulipa, hakuna anayeuliza nani afyeke nyasi au nani azibe bomba linalovuja. Swali huibuka siku mwenye nyumba anapofungasha na kuondoka. Nchini Marekani siku za namna hiyo zilikuwa nyingi kuanzia mwaka 2007, mikopo ya nyumba iliyokuwa imetolewa kiholela ilipoanza kuwashinda waliokopa. Mwaka 2010 pekee karibu nyumba milioni 2.9 zilipata notisi ya kutwaliwa au zilifikishwa mnadani. Nyingi zilibaki tupu, na mitaa mizima ikajikuta inaishi jirani na mahame ambayo hakuna aliyekubali kuwa ni yake.

Jibu la kale la sheria ni fupi: anayetunza ni mwenye hati. Jibu hilo linaeleweka kwa urahisi, na katika hali ya kawaida linatosha. Linaposhindwa ni katika kipindi cha kati, yaani tangu mkazi aache kulipa hadi nyumba iuzwe na jina kwenye hati libadilike. Katika majimbo kama California, Texas na Georgia, nyumba inaweza kuuzwa bila kesi, hivyo kipindi hicho huhesabiwa kwa miezi. Katika majimbo ambako lazima mahakama itoe hukumu kwanza, kama New York, New Jersey, Florida, Ohio na Illinois, kipindi hicho kilirefuka mno baada ya 2008 kwa sababu mafaili yalijaa mahakamani. Huko New York ilikuwa jambo la kawaida kesi moja kupita miaka miwili au mitatu. Muda wote huo mwenye nyumba kisheria ni mtu aliyekwisha hama, ambaye hana fedha wala sababu ya kurudi kupaka rangi ukuta ambao amekwisha ambiwa utachukuliwa.

Mbaya zaidi ni nyumba ambazo Wamarekani wenyewe wamezipa jina la zombi. Mkazi hupokea barua ya benki, huamini mambo yamekwisha, hukabidhi funguo au huacha mlango umefungwa na kwenda zake. Kisha benki hupiga hesabu. Ikiona kwamba gharama za wakili, kodi za nyuma na ukarabati zinazidi bei ambayo nyumba ingepata mnadani, husimamisha kesi kimyakimya. Mnada haufanyiki, na jina kwenye hati linabaki la yule aliyehama. Baada ya miaka kadhaa mtu huyo, ambaye pengine yuko mji mwingine akijenga maisha upya, hupelekewa bili ya kodi ya nyumba, faini ya nyasi ndefu, hata ankara ya kubomoa jengo. Anatozwa kwa kutotunza nyumba aliyoamini kuwa amenyang'anywa. Hakuna sehemu ya suala hili iliyo dhalimu kuliko hiyo, na haikutokana na kuvunja sheria; ilitokana na sheria kuuliza jina lililo kwenye hati tu, bila kuuliza ni nani anayeshikilia hatima ya nyumba.

Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza jambo hilo mwaka 2010. Ilionekana kuwa kwa nchi nzima nyumba ambazo wakopeshaji walianza kuzitwaa kisha wakaziacha njiani ni chache, lakini zimerundikana katika maeneo machache, hasa mitaa ya hali ya chini ya miji kama Detroit, Chicago na Cleveland. Takwimu ya taifa, basi, inaficha maumivu. Nyumba kumi zilizotelekezwa zikitawanyika katika jimbo zima ni usumbufu. Zikiwa kwenye barabara moja, barabara hiyo imekufa.

Nyumba tupu huoza haraka kuliko watu wengi wanavyodhani. Kaskazini, ambako majira ya baridi ni makali, maji huganda ndani ya mabomba, mabomba hupasuka, na barafu inapoyeyuka sakafu hufurika. Wezi huingia kung'oa mabomba na nyaya za shaba. Ukungu hupanda kutani. Kusini na magharibi adui ni mwingine. Katika Kaunti ya Kern, California, watafiti walihusisha mabwawa ya kuogelea ya nyumba zilizotelekezwa, ambayo maji yake yaligeuka kijani na kuwa mazalio ya mbu, na ongezeko la asilimia 276 la wagonjwa wa homa ya West Nile katika majira ya kiangazi ya 2007. Mbu aliyezaliwa kwenye bwawa la nyumba yenye deni humwuma pia jirani aliyelipa deni lake lote. Ndiyo maana hoja kwamba hili ni shauri la kimkataba baina ya mdaiwa na mdai wake haiwezi kusimama.

Kumpata huyo mdai nako ni kazi. Zamani benki iliyokopesha ndiyo iliyobaki na rehani hadi mwisho. Kufikia miaka ya 2000, mikopo mingi iliuzwa mara tu ilipotolewa, ikafungwa pamoja maelfu kwa maelfu ndani ya mfuko wa amana, na wawekezaji wakauziwa vipande vya mapato yake. Benki inayotajwa kwenye kumbukumbu za ardhi mara nyingi ni mdhamini wa mfuko tu. Anayepokea malipo ya kila mwezi na kufungua kesi ni kampuni nyingine, msimamizi wa mkopo. Msimamizi naye huajiri kampuni ya kuhifadhi nyumba, ambayo hugawa kazi kwa wakandarasi wadogo, na hao hugawa tena. Kila ngazi hukata chake, hadi mtu anayefika na mashine ya kukatia nyasi analipwa kidogo kiasi kwamba inamfaa zaidi kupiga picha na kuondoka kuliko kufanya kazi. Kuanzia miaka ya 1990 kulikuwa pia na daftari la pamoja la kampuni za mikopo, MERS, lililoziwezesha kuhamishiana rehani bila kuandikisha kila uhamisho kaunti. Ofisa wa jiji aliyetaka kujua ampelekee nani onyo alikuta jina la daftari, si la mmiliki.

Mnyororo huo ulimpatia kila mhusika jibu la kutoa mahakamani. Jiji la Los Angeles liliishtaki Deutsche Bank mwaka 2011 kwa kuacha mamia ya nyumba ziharibike. Benki ilijibu kwamba yenyewe ni mdhamini tu na kwamba utunzaji ni kazi ya wasimamizi wa mikopo. Kesi ilimalizwa kwa suluhu ya dola milioni 10 mwaka 2013. Utetezi huo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu kimkataba ulikuwa wa kweli. Lakini mikataba hiyo waliiandika wenyewe. Jirani hakuitia saini, wala jiji. Na mgawanyo wa kazi baina ya kampuni hauwezi kuwa ngao dhidi ya mtu wa tatu anayeumia.

Miji ndiyo iliyoanza kutafuta dawa, kwa sababu ndiko malalamiko yalikofika. Chula Vista, mji wa California ulio karibu na mpaka wa Meksiko, ulitunga mwaka 2007 sheria ndogo iliyoigwa na miji mingi baadaye: mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji lazima akague nyumba, na akikuta ni tupu, aiandikishe kwa jiji na kuitunza, hata kama bado si yake. Mwaka uliofuata jimbo lenyewe lilipitisha faini ya hadi dola 1,000 kwa siku, ila kwa nyumba zilizokwisha nunuliwa mnadani tu. Tofauti kati ya sheria hizo mbili ndiyo kiini cha mjadala wote. Sheria ya jimbo ilifuata hati. Ile ya mji ilifuata uwezo wa kuamua, na kwa hiyo ndiyo iliyoligusa tatizo pale lilipo.

Mahakama hazikuipokea fikra hiyo kwa urahisi. Chicago ilipanua sheria yake mwaka 2011 ili mkopeshaji ahesabiwe kama mmiliki wa nyumba tupu hata kabla ya utwaaji kukamilika. Mamlaka inayosimamia Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika mawili makubwa ya mikopo ya nyumba yaliyowekwa chini ya uangalizi wa serikali kuu tangu Septemba 2008, iliishtaki, na mwaka 2013 jaji wa shirikisho aliamua kwamba jiji haliwezi kuyalazimisha mashirika hayo kuifuata. Springfield, Massachusetts, iliyodai amana ya dola 10,000 kwa kila nyumba, iliambiwa na mahakama ya juu ya jimbo mwaka 2014 kwamba sheria zake zinagongana na za jimbo. Cleveland ilikuwa imejaribu njia pana zaidi. Mwaka 2008 iliyashtaki mabenki 21 kwa kusababisha kero ya umma. Mahakama za shirikisho zilitupa shauri hilo zikisema umbali kati ya biashara ya mikopo na uharibifu wa mitaa ni mkubwa mno. Katika mahakama ya nyumba ya jiji hilohilo, Jaji Raymond Pianka alizitoza faini kampuni zilizokaidi wito wake. Mojawapo, Washington Mutual, ilitozwa dola 100,000 bila kufika, lakini Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua mwaka 2010 kwamba kampuni haiwezi kuhukumiwa hivyo kwa kosa dogo ikiwa haikuhudhuria. Kutohudhuria, kwa maneno mengine, kulilipa.

Hoja za wakopeshaji si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba kabla ya mnada hawana haki ya kuingia ndani; wakivunja kufuli wanaweza kushtakiwa na mwenye nyumba, na kweli wapo wakandarasi waliobadilisha vitasa vya nyumba ambazo wenyewe walikuwa wametoka kwenda kazini. Ya pili ni kwamba gharama zitahamia kwa wakopaji wajao. Ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni kwamba mkopeshaji akibebeshwa mzigo mkubwa kwa nyumba ya bei ndogo, ataifuta rehani na kujitoa kabisa.

Hoja ya kwanza ina jibu, nalo limeandikwa New York. Tangu 2009 jimbo hilo lilimtaka mkopeshaji atunze nyumba baada ya kupata hukumu. Sheria iliyoanza kazi Desemba 2016 ilisogeza wajibu nyuma: msimamizi wa mkopo lazima akague nyumba ndani ya siku 90 tangu malipo yaliposimama, na akithibitisha kwamba imetelekezwa aifunge vizuri na kuitunza, la sivyo faini yaweza kufika dola 500 kwa siku. Pamoja na wajibu alipewa ruhusa ya kuingia, baada ya kubandika notisi. Mwenye nyumba naye lazima aelezwe kwa maandishi kwamba ana haki ya kubaki hadi mahakama imwamuru kuondoka. Kipengele hicho huonekana kidogo, lakini mtunzaji bora wa nyumba ni anayelala humo, na nyumba nyingi zilitelekezwa kwa sababu tu barua ya kwanza ilisomwa kama amri ya kuhama.

Hoja ya pili ni kweli kwa kiasi, lakini haibadilishi kitu. Gharama ipo tayari. Swali ni nani aibebe. Kama haitakuwa kwenye bei ya mkopo, itakuwa kwenye bei ya nyumba ya jirani na kwenye bajeti ya zimamoto. Ni haki zaidi ilipwe na biashara iliyopima hatari hiyo na kuitoza riba.

Baada ya mnada, hati inapohamia benki, utata wote wa kisheria huisha, na hapo ndipo ilipotarajiwa utunzaji uwe sawa kila mahali. Haukuwa. Muungano wa kitaifa wa haki za makazi ulikagua nyumba za Fannie Mae katika miji mingi na kudai kwamba zilizokuwa katika mitaa ya wazungu zilifyekwa na kukarabatiwa, huku za mitaa ya watu weusi na Walatino zikiachwa na takataka na madirisha yaliyovunjika. Kesi iliyofunguliwa 2016 iliisha Februari 2022 kwa suluhu ya dola milioni 53. Aina hii ya madai ni muhimu kwa sababu inaonyesha kwamba kumtaja mwenye wajibu hakutoshi. Lazima awepo anayepita mtaani kuhesabu madirisha.

Inabaki hoja ya tatu, ya nyumba isiyo na thamani. Hapa faini haisaidii, kwa kuwa hakuna bei ambayo faini inaweza kukatwa humo. Miji ya viwanda iliyopoteza watu ilitafuta njia nyingine: hazina za ardhi, yaani vyombo vya umma vinavyopokea nyumba zisizotakiwa, kusafisha hati zake, kisha kuzikarabati, kuzibomoa au kumwuzia jirani kiwanja. Kaunti ya Genesee, uliko mji wa Flint, Michigan, ilitangulia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Kaunti ya Cuyahoga, uliko mji wa Cleveland, ikafuata 2009. Serikali kuu nayo ilitoa karibu dola bilioni 7 kati ya 2008 na 2010 kwa ajili ya mitaa iliyoathirika. Hatari ya mpango huu iko wazi: mkopeshaji hubaki na faida ya mikopo iliyolipwa, na umma hurithi magofu ya iliyoshindikana. Cuyahoga ilikwepa hatari hiyo kwa kiasi fulani kwa njia ya makubaliano. Desemba 2009 Fannie Mae ilikubali kuipatia hazina hiyo nyumba za thamani ndogo kwa dola moja kila moja na kuchangia gharama za kuzibomoa. Baadaye mabenki kadhaa makubwa yaliingia mikataba inayofanana nayo, kila nyumba ikikabidhiwa pamoja na fedha za kuivunja.