Sahani Saba, Nyimbo Saba: Muislamu Akae Meza Gani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), Mwenye kuruzuku bila ya hisabu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, sahaba zake na kila mwenye kufuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu,

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja aliyepata kusoma katika madrasa yetu alinisubiri barazani akiwa na kadi ya mwaliko mkononi. Mwajiri wake amewaalika wafanyakazi wachache kwenye mkahawa wa hoteli kubwa mjini. Wataletewa vyakula saba vidogo vidogo, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kimepangiwa wimbo wake utakaopigwa na bendi pamoja na glasi yake ya mvinyo.

"Ustadhi," akaniuliza, "mimi pombe sinywi, na nyama nimeulizia, ni ya halali. Nikienda nikala tu, kuna ubaya gani? Na nisipokwenda, bosi atanifikiriaje?"

Swali hili si la kijana huyu peke yake. Vijana wetu wengi leo wamo maofisini na mahotelini, na mialiko ya namna hii inawafika. Kwa hivyo nimeona jawabu lisibaki barazani.

Mtindo huu si mgeni duniani. Mwaka 2007, mpishi wa Uingereza Heston Blumenthal alianza kuwapa wageni wa mkahawa wake chakula cha baharini pamoja na kombe lenye chombo kidogo cha sauti ndani yake, ili wale huku wakisikia mawimbi. Mwaka 2012 huko Shanghai, Mfaransa Paul Pairet alifungua mkahawa wenye meza moja na viti kumi tu, vyakula vipatavyo ishirini kwa usiku mmoja, na kila chakula na muziki wake, harufu yake na picha zake ukutani. Sauti ya mawimbi hakuna aliyeiharamisha. Sisi watu wa pwani tunaisikia kila siku bila ya kuilipia. Lakini tuulize: muziki unatafuta nini mezani?

Jawabu wamelitoa wenyewe. Mwaka 1986, mtafiti wa Marekani Ronald Milliman alichapisha utafiti alioufanya mkahawani. Ulipopigwa muziki wa polepole, wateja walikaa muda mrefu zaidi kuliko ulipopigwa wa haraka. Gharama ya chakula chao haikubadilika sana. Iliyopanda ni ile ya vinywaji vya baa. Basi mwenye mkahawa hapigi muziki kwa ajili ya masikio yako tu. Ule ni ufunguo, na mlango unaofunguliwa aghalabu ni ule wa hamri.

Ama hukumu ya sharia, Imam Bukhari amepokea hadithi ambayo ndani yake Mtume (s.a.w.) ametaja watu katika umma wake watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki. Najua kuwa Ibn Hazm aliitia ila isnadi yake, na najua pia kuwa mahafidhi wa hadithi, akiwemo Ibn Hajar, wamemjibu na kuithibitisha. Hata hivyo, kijana wetu hahitaji kuzama katika mjadala huo. Imam Tirmidhi amepokea kuwa mwenye kumuamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayopitishwa pombe. Zingatieni, ndugu zangu: kilichokatazwa hapa ni kukaa, siyo kunywa peke yake. Basi kusema "mimi sinywi" hakumtoi mtu katika katazo hili.

Lakini haitoshi kumwambia kijana "haramu" kisha tukamwacha na bosi wake. Uislamu umetufunza pia adabu ya kukataa. Imepokewa kuwa Ali (r.a.) alitengeneza chakula akamwalika Mtume (s.a.w.), naye alipofika akaona picha ndani ya nyumba akarejea. Ali alikuwa mkwewe na kipenzi chake, na mapenzi hayo hayakupungua. Kuikataa meza, basi, si kumdharau mwenye meza.

Nilimshauri amwendee mwajiri wake mapema, asingoje usiku wenyewe akatoweka kimya kimya. Amshukuru kwa kumthamini, amweleze sababu yake bila ya kumhutubia, na ajitolee kushika kazi ya wenzake usiku huo. Kijana alikwenda. Mwajiri, ambaye si Muislamu, alimsikiliza kisha akasema neno moja tu: "Sawa." Hadi ninapoandika haya, kijana hajui sawa ile ilikuwa ya radhi au ya hasira. Huo ndio mtihani wake, na mwenye kuruzuku ni Allah (s.w.).

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Walima zetu ziko salama? Mtume (s.a.w.) ameruhusu dufu katika harusi, sisi tumeleta vipaza sauti vinavyomnyima usingizi mgonjwa wa jirani. Tunawatengea wakubwa viti vya mbele na sahani zinazorudi nusu zikamwagwe, ilhali mafakiri wa mtaa wanachungulia nje ya turubai. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa chakula kibaya mno ni cha walima wanayoalikwa matajiri wakaachwa masikini. Meza ya namna hiyo, hata isipokuwa na bendi wala mvinyo, ina aibu yake.

Nilipokuwa masomoni Sudan niliona karamu nyingine. Jua likikaribia kuzama katika Ramadhani, watu wa vijiji vya kandokando ya barabara kuu hutandika mikeka, huleta masinia, kisha husimama njiani wakiyazuia magari ya wasafiri ili wafuturu nao. Hakuna kadi ya mwaliko wala bili. Sauti inayosikika ni adhana, kisha bismillahi, kisha mikono mingi katika sinia moja. Mwenyezi Mungu awarudishie amani baada ya vita vilivyozuka Aprili 2023.

Ndugu Waislamu, anayemkataza kijana wake meza ya haramu na amfungulie meza ya halali. Kijana aliyeacha karamu ya bosi kwa ajili ya dini yake, je, usiku ule kuna yeyote kati yetu aliyemwita nyumbani kwake ale naye? Mimi mwenyewe sikukumbuka, na ninaomba msamaha.

Ewe Mola wetu, turuzuku kilicho halali, utubarikie ndani yake, na utujaalie tuwe wenye kushukuru.

Wabillahi tawfiq.