Adhana Iwe Ndiyo Sheria ya Nyumba



Uingereza, ambako ndiko ichezwako ligi iwashughulishayo vijana wetu, ina sheria ya kuzima matangazo. Kwa kawaida, kila Jumamosi kuanzia saa 8:45 alasiri hadi saa 11:15 jioni, hakuna mechi ionyeshwayo moja kwa moja katika runinga za nchini humo. Desturi hiyo ilianza miaka ya 1960, watu wasije wakabaki majumbani na viwanja vya timu ndogo vikawa vitupu.

Sisi wa Ngara na Biharamulo sheria hiyo haitugusi. Mechi hizo tunazitazama. Mtihani wetu ni saa. Katika majira yao ya baridi, mechi ya saa 9 alasiri huanza kwetu saa 12 jioni, na jua letu huzama karibu na saa 1. Mwadhini huadhini mapumziko yakiisha. Filimbi ya mwisho hulia Isha ikikaribia. Safu msikitini ni chache, mabanda yamejaa, baba na mwanawe.

Simkatazi mtu soka. Ila ikiwa wenzetu wanazima runinga kulinda viingilio vya uwanjani, sisi tutashindwaje kuizima robo saa kulinda faradhi? Baba na anyanyuke wa kwanza. Mtoto hufuata alionalo. Na Muislamu mwenye banda azime mpaka jamaa itoke.

Matokeo ya mechi yatamngoja. Magharibi haimngoji mtu.

Wabillahi tawfiq.