Reli Ndogo ya Mfano Yataka Mtambo Gani?

Watu wengi waionapo reli ya mfano huidhania kuwa ni mchezo wa watoto wa matajiri wa Ulaya, wala hawafikiri kwamba ndani yake mna somo. Dhana hiyo haikosi ukweli, kwani vichwa vya treni vya mfano ni ghali hadi leo. Hata hivyo, tangu mwisho wa miaka ya 1970 mchezo huo umekuwa pia uwanja wa kujaribia udhibiti kwa njia ya tarakimu, yaani kukiamuru chombo kwa ujumbe wa sifuri na moja badala ya kuongeza na kupunguza umeme kwa mkono. Mwalimu wa fizikia au wa kompyuta anayetaka wanafunzi wauone ujumbe ukisafiri katika chuma na kutiiwa upande wa pili hatapata kifaa kilicho dhahiri kuliko hicho. Ujumbe ukifika, treni huondoka, usipofika, haisogei.

Basi shule au klabu yenye meza moja, duara moja la reli na vichwa viwili au vitatu vya treni ichague mtambo upi? Aghalabu wauzaji hujibu kwa kulinganisha vitufe, ukubwa wa skrini na idadi ya treni ambazo mtambo waweza kuziendesha. Jibu hilo halina maana kwa mwenye meza moja. Mtambo wa kuendesha treni elfu hauna faida kwa mtu mwenye treni tatu. Linalopasa kuulizwa mwanzo ni kama lugha ambayo mtambo huzungumza na treni imechapishwa ili kila mtu aisome, au ni siri ya kiwanda kimoja.

Ili uzito wa swali hilo uonekane, yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa zamani. Katika mfumo wa mkondo mnyoofu, reli mbili hupewa umeme usiozidi volti 12 hivi, na mota ya treni huzunguka kwa kadiri ya umeme huo. Ukigeuza chanya kuwa hasi, treni hurudi nyuma. Taabu huanza treni ya pili iwekwapo juu ya reli zile zile, kwa maana zote mbili huondoka pamoja na kusimama pamoja. Ili kuzitenganisha, hapana budi kuikata reli vipande vipande, kila kipande na waya wake na swichi yake, na dereva kushinda akihangaika na swichi kuliko kutazama treni. Kwa hakika, mwenye treni moja tu hana sababu ya kuuacha mfumo huu. Ni rahisi, ni wa bei ndogo, na unafundisha vema kanuni za mota.

Katika mfumo wa tarakimu, reli hubaki na umeme kamili wakati wote, kwa kawaida volti 14 hadi 16 kwa treni za kipimo cha H0, ambazo ni ndogo mara 87 kuliko treni halisi. Umeme huo hugeuzwa upande maelfu ya mara kwa sekunde, na katika kugeuzwa huko ndimo ujumbe ulimofichwa. Kila kichwa cha treni hubeba king'amuzi kidogo chenye anwani yake. King'amuzi husikiliza ujumbe wote upitao, hutii ule wenye anwani yake tu, kisha hutumia umeme ule ule kuizungusha mota. Kwa hiyo waya mbili zatosha kwa treni zote, na kila moja huenda njia yake.

Mfumo ulioenea zaidi duniani leo huitwa DCC. Asili yake ni kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na Chama cha Taifa cha Wajenzi wa Reli za Mfano cha Marekani, NMRA, kiliichukua kazi hiyo kuwa msingi wa viwango vyake vya miaka ya 1990. Viwango hivyo vimechapishwa, na mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuvifuata kwa kalamu na karatasi. Moja huandikwa kwa umeme kukaa upande mmoja kwa mikrosekunde 58, kisha upande wa pili kwa muda huo huo. Mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Sifuri huandikwa vivyo hivyo, ila kila nusu hudumu mikrosekunde 100 hivi au zaidi. King'amuzi hakina haja ya kujua upande upi ni chanya. Kinachopima ni muda tu.

Tuseme treni yenye anwani 3, ambayo ndiyo anwani vinayopewa ving'amuzi vitokapo kiwandani, yaamriwa iende mbele kwa hatua ya 6 kati ya hatua 28 za mwendo. Kwanza hutangulia moja zisizopungua 14 mfululizo, kama mtu agongaye mlango. Hufuata anwani, 00000011, kisha amri, 01110100, na mwisho baiti ya uhakiki, 01110111. Kila baiti hutanguliwa na sifuri moja, na ujumbe wote hufungwa kwa moja. Ile baiti ya uhakiki hupatikana kwa kuzilinganisha mbili za kwanza biti kwa biti: zikifanana huandikwa 0, zikitofautiana huandikwa 1. King'amuzi hufanya hesabu hiyo hiyo, na jawabu lisipolingana huutupa ujumbe na kungoja mwingine. Ukizihesabu biti zote utapata 42, ambapo 27 ni moja na 15 ni sifuri. Moja huchukua mikrosekunde 116 na sifuri huchukua 200, hivyo ujumbe mzima humalizika kwa mikrosekunde 6,132, na ujumbe zaidi ya 160 waweza kupita kwa sekunde moja. Hiyo ndiyo sababu treni tatu haziwezi kuuchosha mtambo wowote wa aina hii, hata ulio mdogo kabisa. Mwalimu akitaka mazoezi ya namba za msingi wa mbili, haya yana fadhila moja juu ya yale ya kitabuni: jawabu likiwa sahihi, kitu hutembea mezani.

Mfumo wa siri hauwezi kutoa somo hilo, na wala hautoi amani. Mnamo 1979 kampuni ya Hornby ya Uingereza ilitoa mtambo ulioitwa Zero 1, uliotumia kompyuta ndogo ya chipu moja na kuweza kuendesha treni 16. Kwa wakati wake ulikuwa ni ajabu. Lakini lugha yake ilikuwa ya kwake peke yake, na ulipokoma kutengenezwa katika miaka ya 1980, wanunuzi walibaki na ving'amuzi visivyoweza kuzungumza na mtambo wa kiwanda kingine chochote. Waliotaka kuendelea walivitoa vyote na kuanza upya. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani nayo ilileta mfumo wake katikati ya miaka ya 1980, nao ulidumu na kufanikiwa, hasa kwa sababu wenye reli zake za mkondo wa katikati ni wengi na waaminifu. Lakini hata Märklin leo mitambo yake mikubwa huzungumza DCC pamoja na lugha zake za asili. Ikiwa kampuni yenye nguvu kiasi hicho imeona ni heri kujifunza lugha ya wote, shule yenye kichwa kimoja cha treni itajifungia kwenye lugha ya pekee kwa sababu gani?

Hapa lazima msomaji aonywe. Neno DCC lililoandikwa juu ya sanduku lahusu tu safari ya ujumbe kutoka reli hadi king'amuzi. Kati ya mkono wa dereva na mtambo wenyewe kila kiwanda kimejiwekea njia yake. Lenz wana XpressNet, Digitrax wa Marekani wana LocoNet, na wengine wana yao. Kidhibiti cha mkononi cha kampuni moja kikichomekwa katika mtambo wa nyingine, mara nyingi hakisemi lolote. Baadhi ya lugha hizo za chini ya meza zimechapishwa kwa kadiri fulani, nyingine hazikuchapishwa. Mnunuzi asiyelijua jambo hili hununua mtambo wa bei nafuu leo, na keshokutwa hulazimika kununua kila kiambatisho kwa muuzaji yule yule kwa bei aitakayo yeye. Reli iko wazi, lakini mlango wa kuifikia una kufuli.

Kwa meza ndogo kuna njia nyingine. Mnamo 2015 mjenzi mmoja wa Marekani, Gregg Berman, alitoa programu iitwayo DCC++, ambayo huigeuza bodi ya Arduino kuwa mtambo wa kuamuru treni. Wengine wameiendeleza kwa jina la DCC-EX, na kila mstari wa programu hiyo waweza kusomwa na kurekebishwa. Huhitajika bodi moja ya Arduino Mega, bodi ya pili ya kuendeshea mota inayopachikwa juu yake, na chanzo cha umeme. Bodi ya mota ya Arduino ya kawaida ina njia mbili za hadi ampea 2 kila moja: moja kwa ajili ya reli ya kupitia na nyingine kwa kipande cha reli cha kupangia anwani. Kwa kuwa kichwa cha kisasa cha H0 kwa kawaida huvuta chini ya ampea moja, meza ya treni mbili haina haja ya zaidi. Amri huandikwa kwa herufi na namba chache kutoka kwenye kompyuta, na ikiongezwa Wi-Fi, simu ya mkononi huwa ndiyo kidhibiti. Mwanafunzi aweza kuifungua programu, kuitafuta sehemu inayotengeneza baiti ya uhakiki, akaikuta ile hesabu aliyoifanya kwenye daftari.

Uwazi huu si zawadi iliyojileta yenyewe, ulitetewa mahakamani. Robert Jacobsen, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, ni miongoni mwa walioanzisha JMRI, programu huru ya kuendeshea reli za mfano kwa kompyuta. Mafaili ya kazi hiyo yalitumiwa katika programu ya biashara bila kufuata masharti ya leseni yake, ambayo yalitaka pamoja na mengine kwamba waandishi watajwe. Jacobsen alishitaki mwaka 2006. Agosti 2008 Mahakama ya Rufani ya Federal Circuit iliamua kwamba anayeitoa kazi yake bure hakupoteza haki yake, na kwamba masharti ya leseni huru yaweza kulindwa kwa sheria ya hakimiliki. Shauri lilimalizika kwa mapatano mwaka 2010. Uamuzi huo wahusu programu huru za kila aina, nao ulitokana na treni za mezani, zile zile ziitwazo mchezo.

Wako watakaosema kwamba mwalimu hana muda wa kuunganisha bodi, na kwamba mtambo wa kiwandani huwashwa ukafanya kazi siku hiyo hiyo. Hoja hii ina haki yake. Shule yenye fedha na isiyo na mtu wa kushika kisu cha solda na inunue mtambo mdogo uliokwisha tengenezwa, maadamu ni wa DCC na mwenye kiwanda amechapisha namna ya kuunganisha kompyuta nao, kama Roco walivyofanya kwa mtambo wao wa Z21. Siku atakapopatikana mwanafunzi wa kujenga mtambo wa Arduino, hakuna king'amuzi hata kimoja kitakachotupwa. Mwenye kuanza na mtambo wa lugha ya siri hana nafasi hiyo. Gharama kubwa, ikumbukwe, haimo katika mtambo bali katika vichwa vya treni na ving'amuzi vyake, na hivyo ndivyo vinavyopasa kudumu mitambo ikibadilika.

Mambo mengine ni ya kawaida, nayo hayabadiliki kwa kubadili mtambo. Reli chafu huua ujumbe sawasawa katika kila mfumo. Mahali penye vumbi au hewa ya chumvi, reli hazina budi kufutwa kwa kitambaa safi kila zinapotumika, la sivyo mtambo utalaumiwa kwa kosa la uchafu. Chanzo cha umeme kiwe cha kununuliwa, kilichofungwa kiwandani. Hakuna somo la treni linalomlazimu mwanafunzi kuzigusa nyaya za volti 230.

Meza ikiisha kuunganishwa, ijaribiwe kabla treni haijawekwa. Sarafu ya chuma huwekwa juu ya reli mbili, mwisho wa duara ulio mbali kabisa na mtambo, na mtambo unapaswa kuukata umeme papo hapo. Usipoukata, waya za chini ya meza ni nyembamba mno au maungio yamelegea, na ujazo wote wa ampea utaendelea kupita hadi kitu fulani kiungue. Sarafu hiyo ihamishwe na kuwekwa juu ya kila kiungo cha reli, kimoja baada ya kingine, mpaka umeme ukatike kila mahali.